Mikono ya Baba Nyuma ya Wavu

Kama umewahi kumwona mwanamume mzima akijivuta masikio na kuihangaisha kofia kichwani kama mtu aliyeingiliwa na siafu, basi jua ulikaa karibu na Royce Ladner siku mwanawe alipokuwa akirusha mpira. Sisi wa Harlan Ferry tulikwisha kumzoea. Wageni ndio waliomshangaa. Lakini Jumapili ile ya Machi wageni hawakuishia kumshangaa. Walimsoma, na walipomsoma walimwaibisha yeye, mwanawe na chuo kizima.

Nieleze vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipo. Katika besiboli mrushaji husimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja, na mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji. Mdakaji ndiye anayechagua mpira upi urushwe, na humwonyesha mrushaji kwa vidole, amevificha katikati ya mapaja ili mpigaji asijue. Siri hiyo ndiyo roho ya mchezo. Sasa Royce, tangu mwanawe Hollis akiwa mtoto wa meno ya kung'oka, ndiye aliyekuwa mdakaji wake nyuma ya banda la nyumbani. Mtoto alipoanza kuchezea timu za watu, baba alihamia nyuma ya wavu na siri yake mwenyewe. Akigusa kofia, rusha wa kasi. Akivuta sikio, rusha wa kupinda. Hapakuwa na alama ya tatu, kwa sababu Royce hakuuamini mpira wa tatu. Ule wa polepole, unaomfanya mpigaji azungushe gongo kabla mpira haujafika, aliuita mpira wa waoga, wala hakumfundisha mwanawe.

Mambo yalikwenda sawa mpaka chuoni. Huko Hollis alikuwa wa mwaka wa kwanza, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wa mwaka wa kwanza ndio wanaobeba mifuko ya magongo, na mchezo ukiisha ndio wanaobaki kusawazisha udongo kwa reki huku wakubwa wakioga. Wazazi nao wana mwaka wao wa kwanza. Kabla ya kila mchezo wazazi huweka meza ndefu chini ya hema, wakachoma nyama na kula pamoja, na hema hilo lilikuwa chini ya amri ya Bi Gaylene Batson, ambaye mwanawe alikuwa wa mwaka wa nne. Wazazi wa mwaka wa nne huchoma. Wa mwaka wa kwanza huleta barafu na sahani za karatasi.

Twyla, mkewe Royce, alikuwa fundi wa saladi ya viazi. Kwetu mtu akifa, watu huuliza kwanza kama Twyla amepewa habari. Siku ya kwanza alileta bakuli lake, amelifunika kwa kitambaa cheupe. Bi Gaylene alimshukuru kwa sauti ya asali, akamwambia wataionja mwakani, akalisukuma bakuli chini ya meza, karibu na maji ya mbwa. Twyla alitabasamu akaenda kubeba barafu. Aliyoyasema baadaye ndani ya gari siwezi kuyaandika hapa, nina wajukuu wanaosoma.

Michezo huwa mitatu kila mwisho wa wiki: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kila siku ina mrushaji wake. Yule wa Jumapili aliumia kiwiko. Wakubwa wawili wakajaribiwa, wakapigwa kama ngoma ya harusi, ndipo Kocha Varnado, kwa kukosa pa kwenda, akamgeukia kijana wa Ladner. Na kwa bahati mdakaji naye alikuwa wa mwaka wa kwanza: Deshon Magee, kijana mpana, mpole, asiyepitwa na kitu. Wawili hao wakashinda Jumapili yao ya kwanza, wakashinda na ya pili. Watu wakaanza kuwaita watoto wa Jumapili. Royce alipagawa kwa furaha. Aliuza injini ya boti yake ya kuvulia akanunua kiti cha msimu mzima, safu ya mbele kabisa, mgongoni mwa Deshon.

Jumapili ya tatu ndiyo hiyo ninayoisema.

Wageni walikuja na kocha msaidizi mwenye macho ya mwewe. Zamu mbili walikaa kimya wakitazama. Katika zamu ya tatu, kila Royce alipogusa kofia, benchi la wageni lilipaza sauti, "Twende, kijana." Alipovuta sikio, walipiga makofi tu. Basi mpigaji wao akisikia sauti anajua wa kasi unakuja. Akisikia makofi anangojea wa kupinda. Mpira wa kwanza ukapigwa ukaruka ukuta. Wa pili ukaruka ukuta. Royce, kuona mwanawe anateketea, akazidi kusaidia. Alivuta sikio mpaka likawa jekundu.

Kando yake alikaa mzee mmoja shabiki wa wageni, anatafuna njugu za kuchemsha. Alimtazama Royce kwa muda mrefu, kisha akaona huruma.

"Rafiki yangu," akamwambia, "sisi tunakushukuru sana. Lakini sikio hilo utalihitaji kesho."

Royce hakuelewa. Aliyeelewa ni Deshon. Siku nyingi alikuwa akijiuliza kwa nini Hollis humtikisia kichwa, anakataa kidole hiki, anakataa kile, mpaka vidole vikubaliane na kitu ambacho Deshon hakioni. Sasa alisimama, akavua kinyago, akageuka. Wakakutana macho kupitia wavu, yeye na Royce, mkono wa Royce uko sikioni. Kijana ana adabu. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesalimia kanisani wakati sala inaendelea, akavaa kinyago chake.

Lakini Kocha Varnado alikuwa ameyafuata macho ya Deshon. Alitembea hadi kwenye kichuguu, akanyoosha mkono, na Hollis akampa mpira. Njiani kurudi Kocha akasimama mbele ya wavu, akamtazama Royce. Uwanja mzima ukamtazama Royce. Na mkono wake ulikuwa umekwisha panda kwenye kofia.

* * *

Jumatatu Hollis aliitwa ofisini. Kocha Varnado hakuwa mtu wa kelele; alizungumza kama anayeagiza chakula. Alimweleza walivyosomwa, na Hollis akakiri yote, kwamba tangu utoto macho yake huruka juu ya kichwa cha mdakaji kwenda kumtafuta baba, wala hajui huanza lini. Kocha akasema Jumapili ijayo wanacheza na chuo cha ng'ambo ya mto, watu ambao tukishindwa nao hatulali, na kwamba mpira atampa yeye.

"Nina Jumapili moja na wadakaji wawili," akasema. "Mmoja lazima aondoke, na Deshon haondoki. Ukiangalia nyuma yake hata mara moja, nakutoa, na utakaa benchi mpaka mwakani. Baba yako mwambie wewe. Nikimwambia mimi, nitakuwa nimemfukuza."

Nje ya mlango Deshon alikuwa anamngojea na mifuko yote miwili ya magongo begani, wake na wa Hollis. Walitembea mpaka uwanjani. Walipofika, Deshon akauliza swali moja tu.

"Mimi ninapochuchumaa pale mbele yako, wewe huwa unaniona?"

Hollis alitaka kusema ndiyo. Deshon akamrushia glavu yake wakaanza mazoezi.

* * *

Jumatano Hollis alikuja nyumbani na nguo chafu, kama wanavyofanya wote wa chuo. Twyla alikuwa anakaanga kambare. Alimtazama mwanawe mara moja tu akajua kuna jambo, akamwongezea samaki.

Royce alikuwa wa kwanza kusema, na laiti asingesema. Siku tatu alikuwa anaendesha lori lake la magogo huku anafikiri, na sasa alikuwa na dawa. Alikubali kwamba alisomwa. Basi atabadili alama. Kofia na sikio vife. Sasa itakuwa pua na goti, na kila zamu watageuza, ili hata shetani mwenyewe asijue. Alionyesha pale pale mezani, pua, goti, goti, pua, akakaribia kumwaga chai. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa nyumba. Hollis alitazama sahani yake. Alikuwa amejitayarishia maneno njia nzima, maneno mazuri yenye shukrani ndani yake, na yote yalimtoroka.

"Baba, naomba Jumapili usikae nyuma ya wavu," akasema.

Royce akaachia goti. "Nikae wapi?"

"Mbali. Kule nje ya ukuta, kwenye pikapu."

Mafuta yalitokota jikoni. Royce aliuliza kama ni Kocha aliyesema hivyo. Hollis angeweza kumtupia Kocha mzigo wote akaenda zake, na nakwambia ukweli, mimi ningefanya hivyo. Lakini alisema kwamba Kocha amesema lake, na hili ni lake yeye, kwa sababu baba akiwa pale hawezi kutazama pengine. Alisema asipoweza Jumapili hii, basi nafasi imekwenda.

Royce akaahidi atakalia mikono. Alisema hivyo kwa unyonge, mtu mzima, bega la kubebea magogo, akaonyesha hata namna atakavyoikalia. Twyla akafuta vidole vyake, akawasha televisheni. Kulikuwa na mchezo unaonyeshwa kutoka mbali huko pwani ya magharibi, timu ambazo hakuna anayezijua nyumbani mle. Akamwambia mumewe haya, ikalie. Royce akaikalia. Mrushaji wa kwanza akajiandaa, mpigaji akatikisa gongo, na kabla mpira haujaondoka mkononi mkono wa Royce ulikuwa sikioni, unamshauri kijana wa California asiyejua kama yeye amezaliwa.

Twyla alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hollis akajaribu kujizuia, akashindwa, samaki akampalia. Royce alitafuta hasira akaipata nusu, akatoka nayo nje.

Alikuwa amesimama kando ya boti isiyo na injini Twyla alipomfuata. Jua lilikuwa bado halijazama nyuma ya misonobari. Royce alisema hajali kiti, kiti ni mbao tu. Kisha akasema lililokuwa moyoni.

"Nisipomsaidia, mimi pale ni nani?"

"Ni baba yake," Twyla akasema. "Mimi nimekuwa mama yake miaka yote hii, sijavuta hata sikio moja."

Royce akacheka puani, macho yamemlowa. Akauliza sasa kile kiti kitakuwaje, maana kuuza hakiuziki. Twyla alikuwa amekwisha lifikiria hilo. Alisema hajawahi kukaa safu ya mbele mahali popote, hata kwenye harusi yake alisimama.

* * *

Nje ya ukuta wa uwanja wetu, upande wa kushoto, kuna kilima kidogo ambapo watu huegesha pikapu kinyumenyume, wakaketi nyuma na kuchoma nyama tangu asubuhi. Hakuna kiti cha kununua wala amri ya mtu. Royce alipanda kilima hicho Jumapili, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, na mtu wa kwanza kumwita kwa jina alikuwa Loretta Magee, mama yake Deshon, dereva wa basi la shule, amesimama mbele ya jiko la pipa lililopasuliwa katikati, moshi unamzunguka kama malkia.

Royce aliona haya. Huyu ndiye mama wa kijana ambaye mgongoni kwake alikaa akizipindua alama zake. Alianza kuomba radhi, akajikwaa, akaanza tena. Loretta alimkatiza kwa kumpa koleo mkono mmoja na sinia mkono wa pili.

"Mbavu zigeuzwe kila zikilia," akasema. "Na nikiona mkono wowote unapanda kichwani, nakulaza hapa na wewe."

Alimweleza kwamba yeye hema la Bi Gaylene alilihama wiki ya pili. Alitumwa barafu mara moja, akaleta. Mara ya pili akawasha pikapu. Walicheka kwa hilo, na Royce akapata nguvu ya kuuliza kama Deshon amekasirika.

"Hajakasirika. Aliniambia, Mama, kule chini najiona kama mlango. Watu wananipita tu wakaendelea na mazungumzo yao."

Royce aligeuza mbavu, moja moja.

Mchezo ukaanza. Kutoka kilimani unamwona mrushaji kwa mgongo, na mpigaji mdogo kama kidole, na hujui nani anasema nini kwa nani. Hollis alianza vibaya. Mpira wake wa kwanza ulikwenda chini, wa pili juu. Wa tatu, kabla hajarusha, kichwa chake kikainuka kidogo, kikatazama juu ya Deshon. Royce alikiona hata kwa umbali ule.

Tuliokuwa karibu na wavu ndio tunaojua kilichotokea upande wa pili. Hollis alipoinua macho hakumwona baba. Alimwona mama yake, safu ya mbele, amevaa gauni la kanisani, na mama alipoona tu macho yale yanakuja, alinyakua sahani ya karatasi akajifunika uso wote. Akakaa hivyo, mgumu kama nguzo, Bi Gaylene Batson kando yake akimtazama kama mwendawazimu. Hollis akabaki anaitazama sahani. Midomo yake ikacheza. Kocha Varnado, mguu mmoja umekwisha kanyaga ngazi ya kutokea, aliiona sahani ile, akamwona kijana anashusha macho, akarudisha mguu.

Hollis akamtazama Deshon. Vidole viwili, wa kupinda. Akaitikia, akarusha, na mpigaji akazungusha gongo hewani. Tangu hapo hakuinua macho tena. Alipigwa hapa na pale, ng'ambo wakapata bao moja, sisi tukapata mawili, moja likiwa la gongo la Deshon, na Loretta akamkumbatia Royce, na sinia, na mbavu zilizokuwamo. Zamu zilikwenda, watu walikula, na Royce aligundua kwamba tangu asubuhi hajaumwa shingo. Aligundua pia kwamba mwanawe, kila anapomaliza kurusha, huruka kidogo kwa mguu wa kulia kama mtoto anayevuka dimbwi. Alikuwa amemtazama usoni miaka yote, hilo hakulijua. Aliupenda ule mruko akaungojea kila mara.

Kisha ikafika zamu ya tisa, ya mwisho, na furaha ikatutoka. Watu wa ng'ambo wakajaza vituo vyote vitatu, wakimbiaji watatu wakingoja kukimbia kufunga mabao. Sisi tulibakiza mtu mmoja tu wa kumtoa ili mchezo uishe, na huyo mmoja alikuwa mpigaji wao mkubwa, jitu lenye shingo ya fahali, ambaye siku mbili zilizopita alituvunjia taa ya uwanja. Mpira ukipenya, tumekwisha, na kila mtu alijua kijana wa mwaka wa kwanza aliyepoteza mchezo huu hapewi tena Jumapili. Kocha hakutoka kumbadili. Alikaa na mikono kifuani.

Jitu lilikosa wa kwanza, wa kasi. Likaupiga wa pili, wa kupinda, ukatoka nje ya mstari kwa unene wa kipande cha mkate. Sasa bado kosa moja, la tatu, naye ametolewa. Royce alikuwa ameegemea ukuta, nyama imeachwa iungue, na alijua kwa kila mfupa wake mpira gani unatakiwa. Wa kasi, juu, ndani. Alijua. Mikono ilimwasha mabegani mpaka kwenye kucha. Loretta aliukamata mkono wake wa kulia akaushikilia, na alikuwa na mkono wa mtu anayegeuza basi.

Kule mbali Hollis aliinama, akatazama vidole vya Deshon. Alitazama kwa muda. Hakutikisa kichwa. Akaitikia.

Mkono wake ukaja kwa nguvu zote, kama wa kasi kabisa. Jitu likazungusha gongo kwa uwezo wake wote, likajizungusha na lenyewe, miguu ikasokotana, likakaa chini kwenye vumbi. Ndipo mpira ukafika. Ulifika bila haraka, ukaingia kwenye glavu ya Deshon.

Kilima kizima kikalipuka. Honi za pikapu zililia, mtu akapindua jiko, Loretta alikuwa analia na kucheza kwa wakati mmoja. Royce peke yake alisimama mdomo wazi.

"Amerusha nini?" akauliza.

"Mimi najua?" Loretta akasema. "Mimi nimeona jitu limekaa chini."

* * *

Ushindi ni ushindi, lakini wa mwaka wa kwanza ni wa mwaka wa kwanza. Wakubwa walipokwisha kuwamwagia Hollis na Deshon maji ya barafu na kuwabeba mabegani mara mbili, waliwatua chini, wakawapa reki, wakaenda kuoga. Watu walitawanyika. Chini ya hema Bi Gaylene, ambaye alikuwa ameishia kulishika sikio la Twyla katika zamu ya tisa kwa woga, alimwuliza ile saladi ya viazi huwa anatia nini. Twyla akamwambia atamweleza mwakani. Wakacheka, mmoja zaidi ya mwenzake.

Royce alishuka kilimani, anapita kando ya mstari, ananuka moshi na mafuta ya nyama. Alisimama pembeni mpaka Hollis akaacha reki na kumjia. Hawakukumbatiana mara moja. Akina Ladner si watu wa kukumbatiana. Walipigana bega. Kisha wakakumbatiana.

Royce akataka kujua ule mpira wa mwisho ulikuwa nini. Hollis alimtazama Deshon, Deshon akatazama udongo akitabasamu. Ulikuwa wa polepole. Wiki nzima, kila wengine walipoondoka, wawili hao walibaki wakiufanyia kazi; Deshon ndiye aliyemwonyesha namna ya kuushika mpira ndani kabisa ya kiganja. Hollis alieleza haya kwa haraka, kama anayekiri wizi, kisha akangoja.

Royce alifikiri. Alitazama mahali jitu lilipokaa. Alama ya makalio ilikuwa bado kwenye vumbi.

"Niazime glavu," akamwambia Deshon.

Akachuchumaa. Magoti yalilia yote mawili, na Twyla, aliyekuwa anakuja na sahani zilizobaki, akasimama kutazama. Hollis akapanda kichuguu. Mkono ukaja kwa nguvu zote. Royce, aliyemdaka mtoto huyu tangu akiwa na meno ya kung'oka, akafunga glavu, akafunga hewa, na mpira ukaja nyuma ya hapo ukamgonga katikati ya kifua. Akaanguka chali. Akabaki pale pale juu ya udongo waliokuwa wamekwisha usawazisha, anacheka, kofia imebingirika, Hollis anamkimbilia akiuliza kama ameumia na yeye hawezi kujibu kwa kicheko.

Alipopata pumzi hakumwangalia Hollis. Alimtazama Deshon.

"Huu unadakwaje?" akauliza. "Nifundishe."

Deshon akapiga goti moja kando yake, akaishika glavu na mkono wa Royce uliokuwa ndani, akaishusha kidogo, akaifungua.

"Usiufuate, mzee. Utakuja wenyewe. Ngoja tu."

Hollis akarudi kwenye kichuguu. Royce akachuchumaa upya, glavu wazi mbele yake, mkono mwingine mgongoni, akangoja.